Presha ya mafuta kwenye gari la kabureta: pima kabla hujafungua kabureta

Gari la kabureta likikosa nguvu mlimani, kitu cha kwanza kufunguliwa huwa ni kabureta. Jeti (vitundu vidogo vya kupitishia mafuta) zinatolewa, zinapulizwa upepo, gasketi mpya inawekwa, gari linatembea vizuri siku mbili tatu, kisha ugonjwa unarudi palepale. Kabureta iko juu, inaonekana kwa macho na inafunguka kwa bisibisi, ndiyo maana inaonewa. Lakini kabureta haivuti mafuta kutoka kwenye tangi. Inapokea inacholetewa, na ikiletewa pungufu au ikisukumiwa kupita kiasi, hakuna kusafisha jeti kutakakoiponya.

Hapa Dodoma magari haya bado yanafanya kazi za kweli: Hilux za zamani, Corolla za injini ya 4K, Land Rover 109, Peugeot 504 za pikapu, na kirikuu (vigari vidogo vya mizigo) za zamani zinazoshusha zabibu kutoka Hombolo na Mpunguzi. Mengi yanapona kwa vipimo vya bei ndogo, ila vipimo hivyo vifanyike kabla ya kununua pampu na kabla ya kugusa kabureta.

Presha inatoka wapi

Kwenye magari mengi ya aina hii pampu imefungwa ubavuni mwa injini. Ndani yake kuna mkono unaoguswa na kemshafti, diaframu ya mpira, springi, na vali mbili ndogo, moja ya kuingizia mafuta na nyingine ya kutolea. Wengi hudhani kemshafti ndiyo inayosukuma mafuta. Kazi ya kemshafti ni kuivuta diaframu, na hapo ndipo mafuta yanapofyonzwa kutoka kwenye tangi. Anayeyasukuma kwenda kwenye kabureta ni springi. Kabureta ikijaa, boya (mafundi wengi huliita floti) linapanda, nido (sindano ya mlango wa mafuta wa kabureta) inaziba mlango, springi inabaki imebanwa na mkono wa pampu unacheza bure mpaka mafuta yahitajike tena. Kwa hiyo presha unayoisoma kwenye geji ni nguvu ya springi ile, na haipandi eti kwa sababu umekanyaga sana.

Presha yenyewe ni ndogo. Toyota nyingi za zamani zinataka psi 2.8 hadi 4.3 (psi ni kipimo cha presha). Kabureta za Weber zinapendelea 2.5 hadi 3.5. Land Rover za Series zinaridhika na 1.5 hadi 2.5. Linganisha na gari la injekta, ambalo mara nyingi linahitaji psi 35 na kuendelea, utaelewa kwa nini pampu iliyotolewa kwenye gari la injekta haifai kabisa kufungwa kwenye kabureta.

Presha na wingi wa mafuta ni vitu viwili. Injini ya lita 2 ikiwa sailensi (inanguruma bila kukanyagwa) inakula kama lita moja tu kwa saa. Injini hiyohiyo ikikanyagwa hadi mwisho ikiwa na mzigo inaweza kula zaidi ya lita 20 kwa saa. Njia ya mafuta iliyoziba nusu itatoa lita moja bila taabu, na geji itasoma psi 3 safi kabisa pale gereji. Kisha unapita Bahi, unapita Kintinku, unaanza kupanda kuelekea Manyoni, na gari linakata. Ndiyo sababu kipimo cha presha peke yake hakitoshi.

Vifaa na tahadhari

Tafuta geji ndogo, ya psi 0 hadi 10 au 0 hadi 15. Geji ya magari ya injekta inayofika psi 100 haitakusaidia kwa sababu mshale hautanyanyuka vya kutosha kusomeka. Uwe pia na kiungo cha T, mita moja au mbili za mpira mpya wa mafuta, klipu, chupa yenye alama za ujazo, na kidumu safi cha lita 5. Geji ikikosekana, chupa na kidumu vitakufikisha mbali kuliko unavyodhani.

Kazi hii ni ya petroli iliyo wazi, basi ifanyike nje na injini ikiwa imepoa. Kizima moto kiwe karibu na mkono, na anayevuta sigara aondoke. Gereji zetu nyingi za mtaani zinapakana na mama lishe na jiko lake la mkaa. Zungumza naye, au sogeza gari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka unalikuta jiko. Mpira wa kumwagia kwenye chupa uwe mrefu, uelekee mbali na distribyuta na nyaya za plagi.

Kwanza hakikisha tatizo ni mafuta

Gari likizima njiani, usipige stata tena na tena. Zima swichi, toa kifuniko cha chujio la hewa, chungulia kooni mwa kabureta, kisha vuta kwa mkono waya wa mafuta (ule unaovutwa na pedali). Ukiona petroli inachuruzika kwa nguvu ndani ya koo, bakuli la kabureta lilikuwa na mafuta wakati gari linazima, na pampu haina kosa kwa wakati huo. Nenda kwenye moto, yaani umeme wa cheche za plagi: koili, kondensa, pointi. Koili iliyochoka ikipata joto hukata moto, ikipoa inarudi, tabia ileile ya mafuta yaliyogeuka mvuke. Pampu nyingi nzima zimetupwa kwa kosa la koili.

Ukivuta waya na koo likabaki kavu, endelea kusoma.

Linazima mwendoni, likipumzika linawaka

Hii ndiyo dalili inayosumbua zaidi huku kwetu, na ina vyanzo kadhaa vinavyofanana mno. Nitaieleza taratibu.

Anza na kifuniko cha tangi. Mafuta yakitoka ndani ya tangi, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Magari mengi ya zamani yanaipitisha hewa hiyo kwenye kitundu kidogo cha kifuniko. Vumbi la Dodoma, lile jekundu laini linaloingia hata kwenye saa, likichanganyika na unyevu wa petroli linaganda kwenye kitundu hicho na kuwa kama udongo wa kufinyanga. Tangi linabaki na ombwe, pampu inavuta haipati. Gari likisimama, hewa inapenya polepole pembeni, na baada ya dakika kumi linawaka. Wengine kifuniko kiliibiwa, wakanunua cha kufuli kisicho na kitundu chochote.

Dereva mmoja wa Hilux iliyokuwa ikibeba zabibu alieleza ugonjwa wake kwa maneno ambayo kila fundi angepaswa kuyasikiliza: "Kaka, nikijaza tangi ndiyo linasumbua zaidi. Nikiweka ya elfu ishirini linakwenda." Pampu ilikuwa mpya, kabureta ilikwishafunguliwa. Maneno hayo yalitosha. Tangi likijaa, nafasi ya hewa iliyobaki juu ni ndogo, na lita moja tu ikitoka ombwe linakuwa kali. Tangi likiwa karibu tupu, hewa iliyomo ni nyingi, na lita moja haileti tofauti kubwa. Kifuniko chake kilipofunguliwa palepale baada ya gari kuzima, tangi lilivuta pumzi ndefu iliyosikika hatua kadhaa. Kilizibuliwa kwa waya mwembamba, kikapulizwa, basi.

Kwa hiyo gari likizima, fungua kifuniko na usikilize. Likivuta hewa na kisha likawaka mara moja, umepata. Kwa uhakika zaidi, tembea nalo umbali mfupi kifuniko kikiwa kimelegezwa, tangi lisiwe limejaa. Usizibe tangi kwa kitambaa na kuita hiyo dawa. Vumbi litaingia, na utakuwa umeanzisha tatizo linalofuata.

Tatizo linalofuata ni uchafu ndani ya tangi. Bomba la kuchotea mafuta lina chekecheke mwishoni. Kutu, vumbi na mabaki ya rangi vinavutwa na kuganda kwenye chekecheke gari likiwa kwenye kasi. Injini ikizima, mvuto unakatika, uchafu unaanguka chini, na baada ya muda gari linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Tofauti yake na kifuniko ni kwamba hapa kulegeza kifuniko hakusaidii, na mara nyingi hali inakuwa mbaya tangi likipungua, kwa sababu uchafu na maji vyote viko chini. Maji nayo si ya kupuuza. Usiku wa Juni na Julai hapa ni baridi na mchana una jua, na tangi linalolala nusu tupu linatoa jasho kwa ndani.

Mafuta ya kununua kwenye vidumu barabara ya Mtera yanaongeza shida hii. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, iliweka utaratibu wa vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta kupambana na uchakachuaji, na ni jambo jema, lakini vinasaba havikuambii kidumu kililala wapi au kilioshwa na nini. Ukilazimika kununua ya kidumu, yaache yatulie, mimina kupitia kitambaa safi kilichofumwa vizuri, na acha kidogo cha chini kibaki kwenye kidumu.

Kuna kipimo kimoja kinachogawa gari sehemu mbili, na kwangu ndicho cha thamani kuliko vyote: kidumu. Ng'oa mpira unaoingia kwenye pampu kutoka tangini, uzibe. Funga mpira mpya mfupi kutoka kwenye pampu hadi kwenye kidumu safi chenye petroli, ukifunge imara mahali pasipo na joto wala cheche, na kamwe kisiwe ndani wanapokaa watu. Kiwe chini ya usawa wa pampu, na mdomo wake upitishe hewa. Iache injini ingurume, ipandishe mizunguko, izungushe gari taratibu mahali pa wazi. Ugonjwa ukitoweka, kosa liko nyuma ya pampu: tangi, kifuniko, bomba au mpira. Ukibaki, kosa liko kwenye pampu au mbele yake. Hapo umeokoa siku nzima.

Mpira unaovuta hewa bila kuvuja

Nautenga mpira kwa sababu unadanganya. Upande wa mbele ya pampu mafuta yanasukumwa, basi mpira ukipasuka utaona petroli inadondoka. Upande wa nyuma, kati ya tangi na pampu, mafuta yanafyonzwa. Ufa mdogo hapo hauvujishi chochote, unaingiza hewa. Pampu inafanya kazi yake yote, ila nusu ya inachosukuma ni mapovu.

Funga filta ya plastiki inayoonyesha ndani kabla ya pampu na uitazame injini ikinguruma. Filta kutojaa kabisa ni kawaida kwenye magari mengi, usishtuke. Unachotafuta ni mfululizo wa mapovu madogo yanayoingia bila kukoma, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Ukiyaona na injini ni ya baridi, kuna mahali hewa inaingia. Pinda kila kipande cha mpira kwa vidole: ukiona nyufa nyembamba kwenye mpindo, badilisha. Kagua hasa pale mpira unapovikwa kwenye bomba la chuma, kwa sababu klipu iliyokazwa kupita kiasi inaukata mpira kwa ndani. Na usitumie mpira wa maji au wa gesi ya kupikia. Petroli inaulainisha, unajikunja kwa ndani ukivutwa, na kwa nje unaonekana mzima.

Nguvu inakwisha mlimani: kusoma geji na chupa

Kama kidumu kimeonyesha kosa liko kwenye pampu au mbele yake, sasa pima. Weka kiungo cha T kati ya pampu na kabureta, ufunge geji, washa injini, iache sailensi. Soma mshale, kisha pandisha mizunguko. Mshale wenye afya hubaki karibu palepale, labda utatetemeka kidogo.

Ukishuka sana unapopandisha mizunguko, wingi hautoshi. Hakikisha kwa chupa: elekeza mpira wa kwenda kabureta kwenye chupa, washa injini itumie mafuta yaliyobaki kwenye bakuli, na hesabu nusu dakika. Kwa injini nyingi ndogo unataka kama robo lita au zaidi kwa muda huo, ikitoka kwa mapigo yenye nguvu. Ikitoka kwa kunung'unika, angalia kwanza filta, kwa sababu ndiyo ya bei ndogo. Kuna filta za bei nafuu ambazo karatasi yake inajaa vumbi laini na bado inaonekana nyeupe. Kisha kagua kichujio kidogo cha waya kilicho mlangoni mwa kabureta. Wengi hawajui kama kipo.

Presha ikiwa chini tangu sailensi, psi 1 au pungufu kwenye Toyota, na kidumu hakikubadilisha kitu, pampu imechoka: springi imelegea, vali hazizibi au diaframu imetoboka. Kabla ya kuitupa, ifungue utoke na jibu. Na tazama mkono wake. Ule uso unaogusana na kemshafti ukilika hata milimita chache, mwendo wa diaframu unapungua. Kemshafti nayo inaweza kuwa imelika, na hapo pampu mpya itakuja na ugonjwa wa ile ya zamani.

Geji inasema mengi zaidi baada ya kuzima injini. Presha inatakiwa ikae kwa dakika kadhaa. Ikianguka papo hapo, bana mpira kati ya geji na kabureta. Ikikaa ukibana, mafuta yalikuwa yanapita kwenye nido. Ikianguka hata ukibana, yanarudi kupitia vali ya pampu. Kama gari lako lina bomba la kurudishia mafuta tangini, libane nalo kwa muda huo, vinginevyo presha itashukia huko na utailaumu pampu bure.

Stata ndefu asubuhi

Gari limelala usiku mmoja na asubuhi linataka stata ndefu, halafu likishawaka ni zima: vali ya pampu haishiki, mafuta yote yamerudi tangini, au kuna tundu la hewa kwenye mpira wa nyuma. Kipimo cha kubana hapo juu kitakuambia. Lakini gari lililosimama siku nne kwenye jua la Oktoba ni jambo jingine. Petroli ya kwenye bakuli inakauka yenyewe, na stata ya sekunde kadhaa ni haki yake. Usitengeneze kisichoharibika.

Kufurika, moshi mweusi, harufu ya petroli

Huku presha inaweza kuwa imezidi, au nido na boya vimeshindwa kuizuia presha iliyo sahihi. Kwa macho ni kitu kimoja: plagi nyeusi zenye masizi, moshi mweusi, petroli inadondoka kooni, sailensi inayumba, gari likiwa la moto linakataa kuwaka. Geji pekee ndiyo inayotenganisha.

Ikisoma ndani ya kiwango na bado inafurika, fungua kabureta sasa, una sababu. Nido inaweza kuwa na mstari ulioliwa kwenye ncha, au chembe ya uchafu imekaa kwenye kiti chake. Boya la shaba likitikiswa karibu na sikio na ukasikia petroli ikicheza ndani, limetoboka. Ukitaka kuliona tundu, ondoa boya, lipeleke mbali na petroli na moto, lizamishe kwenye maji ya moto, na mapovu yatakuonyesha lilipo. Boya la plastiki huwa zito kwa kunyonya petroli. Lilinganishe na jipya.

Ikisoma psi 6 au 7 kwenye kabureta ya psi 4, tafuta mambo matatu. La kwanza, bomba la kurudishia limeziba au limekunjwa. La pili, pampu si yake. Mbili zinaweza kufanana kwa nje na springi zikawa tofauti. La tatu linasahaulika sana: kizuizi cha joto kati ya pampu na injini, kile kipande kinene kigumu cha rangi ya kahawia au nyeusi. Kikivunjika wakati wa kufungua, mtu anakata gasketi ya boksi na kufunga pampu moja kwa moja kwenye chuma. Hapo mkono wa pampu unaingia ndani zaidi, diaframu inavutwa kupita mwendo wake, springi inabanwa zaidi, na presha inapanda. Mkono unaweza hata kuvunjika. Kinyume chake, ukirundika gasketi nyingi, mkono haufiki vizuri kwenye kemshafti na pampu inakuwa dhaifu. Unene wa kipande kile una sababu yake. Kitafute kilekile, au chongesha kwa fundi wa mashine unene uleule kwa malighafi isiyopitisha joto.

Jambo moja la kwetu: Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kuliko ya Pwani. Gari lililorekebishwa Dar es Salaam likifika huku litakuwa na mafuta mengi kidogo kuliko hewa, na plagi zitaanza kuwa nyeusi bila presha kuwa na kosa lolote. Ukiona weusi kiasi tu, presha ni nzuri na hakuna kinachofurika, kinachotakiwa ni kurekebisha mchanganyiko.

Oili inayonuka petroli

Vuta kijiti cha oili. Ikiwa oili imepanda juu ya alama bila wewe kuongeza, ni nyepesi na inanuka petroli, diaframu inaweza kuwa imepasuka na pampu inamwaga mafuta ndani ya injini. Kabureta inayofurika sana nayo hufanya hivyo. Usiendelee kuendesha hata kufika nyumbani. Oili iliyochanganyika na petroli haishiki kwenye bearingi, na mvuke uliojaa ndani ya injini unaweza kulipuka. Rekebisha chanzo, kisha mwaga oili yote na kubadilisha filta yake.

Joto la Oktoba na Novemba

Kabla mvua hazijaanza, saa nane mchana, chini ya boneti panakuwa pa moto kuliko petroli inavyoweza kuvumilia. Sehemu zake nyepesi zinaanza kuchemka kwenye nyuzi joto 35 hadi 40 hivi, na mwinuko wetu unashusha kiwango hicho. Zaidi ya hapo, mafuta yakifyonzwa yanachemka mapema kuliko yakisukumwa, basi sehemu dhaifu ni kutoka tangini hadi kwenye pampu, na pampu yenyewe. Ikijaa mvuke haina cha kusukuma. Kirikuu inaumia zaidi kwa kuwa injini iko chini ya viti, imefunikwa.

Ukishuku mvuke, lowesha kitambaa kwa maji, kizungushie kwenye pampu na bomba lake, mbali na nyaya za moto, ngoja dakika chache. Likiwaka, umethibitisha. Dawa ya kudumu ni kulisogeza bomba mbali na njia ya moshi, kurudisha kile kizuizi cha joto kilichotupwa, kuzibua bomba la kurudishia, na kuhakikisha injini yenyewe haichemshi. Usiufumbie macho mpira wa nyuma wenye ufa, kwa sababu hewa na mvuke vinasaidiana.

Usichanganye hali hiyo na gari linalokataa kuwaka dakika 15 baada ya kuzimwa likiwa la moto. Hapo petroli ya kwenye bakuli imechemka na kumwagikia ndani, injini imelowa. Usivute choki. Kanyaga mafuta hadi mwisho, shikilia hapo bila kupampu, piga stata, litakohoa na kuwaka.

Ukiamua kufunga pampu ya umeme

Wengine wanachoka na pampu ya ubavuni na kufunga ya umeme. Inafaa, hasa kwa joto letu, kwa masharti. Iwe ya presha ndogo, psi 2.5 hadi 4, ifungwe karibu na tangi na chini, kwa sababu pampu hizi ni hodari wa kusukuma na dhaifu kwa kuvuta. Weka filta kabla yake. Ikizidi presha, weka regyuleta (kifaa cha kupunguza presha) na uipime kwa geji ileile. Namba iliyochorwa kwenye kitufe chake isikutoshe. Ile ya zamani iondolewe na tundu lake lizibwe kwa bamba na gasketi, la sivyo oili itamwagika.

Pampu ya umeme ikianza kuwa dhaifu, pima umeme kwenye vituo vyake ikiwa inafanya kazi. Ikipata chini ya volti 11 na betri na chaji ni nzima, tatizo ni waya mwembamba au eathi iliyoshika kutu kwenye chesesi. Safisha eathi kwa msasa mpaka chuma king'ae. Umeme wake upite kwenye relei na fyuzi, na relei hiyo ishikiliwe na swichi ya presha ya oili, ili gari likipinduka au injini ikizima pampu nayo ikate. Pampu iliyounganishwa moja kwa moja kwenye swichi ya gari itaendelea kumwaga petroli kwenye bomba lililokatika, na hilo halifai kuachwa kwenye gari linalobeba watu.